Kusoma si Kutamka Tu

Katika ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Mafia iko rasi iitwayo Ras Mkumbi, karibu na kijiji cha Bweni. Hapo umesimama mnara wa taa uliojengwa zamani za utawala wa Wadachi, ili kuwajulisha mabaharia wakati wa usiku mahali kisiwa kilipo. Mtu yeyote mwenye macho aweza kuiona taa ya mnara, hata mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni. Lakini kuiona taa ni jambo moja, na kujua maana yake ni jambo jingine. Nahodha aionaye taa asijue ni ya rasi gani, wala mwamba uko upande gani, hajasaidiwa bado. Labda hata atadanganyika, akaelekeza chombo chake penye hatari akidhani kwamba amefika bandarini.

Ndivyo ilivyo na habari ya kusoma. Wako wanafunzi wengi, si wa Mafia tu bali wa nchi zote za Afrika Mashariki, ambao huziona herufi vema na kuzitamka upesi, lakini wakiulizwa maana ya waliyoyasoma hunyamaza. Watu huwasifu na kusema, “Mtoto huyu ajua kusoma sana.” Sifa hiyo ni ya nusu ya kazi. Kusoma si kutamka tu. Kusoma ni kuelewa, na aliyetamka asielewe hajasoma bado.

Na afikiriwe mvulana mmoja wa darasa la sita, akaaye Bweni na babu yake. Babu ni mvuvi wa tangu ujana. Hakupata shule katika utoto wake, na sasa macho yake hayaoni maandishi madogo. Siku moja tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania limebandikwa ukutani, na watu wamekusanyika. Mvulana anaombwa alisome. Anasoma kwamba unatazamiwa upepo mkali kutoka kusini mashariki, unaozidi kilomita 40 kwa saa, pamoja na mawimbi makubwa yanayozidi mita 2, katika baadhi ya maeneo ya pwani; na kwamba uwezekano wa kutokea ni wa wastani. Sauti yake ni safi, na hakukosea hata silabi moja. Watu wanafurahi.

Kisha babu anasema, “Ahsante, mjukuu wangu. Sasa niambie, nitoke leo kwenda kuvua, au niivute ngalawa yangu juu?”

Mvulana analitazama tangazo tena na kuyarudia maneno yale yale.

“Hayo nimeyasikia, mjukuu wangu,” asema babu. “Nauliza maana yake.”

Mvulana anainamisha kichwa. Amesoma yote, wala hana jibu.

Mfano huu si wa mchezo. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kiliingia nchi kavu katika kisiwa cha Mafia. Neno hidaya maana yake ni zawadi, lakini zawadi ya namna hiyo hakuna aiombaye. Kabla kimbunga hakijafika, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza habari zake mara kwa mara, na watu wa pwani wakaonywa. Haikuwa hivyo siku zote. Katika mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja. Merikebu za Sultani Seyyid Barghash zilizama, na mikarafuu mingi ya kisiwa iliangushwa. Wakati ule hapakuwa na tangazo la kuwaonya watu. Siku hizi onyo huja kabla ya upepo, na hiyo ni neema kubwa. Lakini onyo lililoandikwa ni maneno, na maneno yasiyoeleweka hayamzuii mtu kwenda baharini. Kwa yule asiyeelewa, mwaka wa 2024 ni sawa na mwaka wa 1872.

Kosa la mvulana yule ni la nani? Si kweli kwamba akili yake ni nzito. Kosa ni la desturi ya kuisifu sauti na kuisahau maana. Katika madarasa mengi mtoto mmoja husimama, akasoma mistari yake, akaketi. Mwingine husimama, akasoma yake, akaketi. Na saa ya masomo huisha kabla mtu hajauliza mistari hiyo yasema nini. Nyumbani nako wazazi hufurahi wakisikia mtoto akisoma mbio kama maji ya mto. Basi mtoto naye huona kwamba mbio ndiyo elimu, na kwamba kutua na kufikiri ni dalili ya kutojua. Hapo ndipo anapopotea. Msomaji mwema hutua. Afikapo penye neno asilolijua husimama, kama mvuvi apunguzavyo mwendo wa ngalawa akaribiapo mwamba.

Wengine husema dawa yake ni kuwapa watoto orodha ndefu ya maneno magumu, wayakariri pamoja na maana zake. Shauri hilo lina kweli ndani yake, kwa kuwa hakuna awezaye kuielewa habari ambayo maneno yake mengi ni mageni kwake. Lakini neno lililokaririwa peke yake ni kama samaki aliyetolewa majini: jina lake lajulikana, bali namna yake ya kuogelea haionekani. Neno bisha ni mfano mzuri. Mgeni hubisha hodi mlangoni. Mkaidi hubisha maneno ya wenzake. Na chombo cha tanga hubisha kiendapo upande huu na upande huu ili kusonga mbele kuukabili upepo. Mtoto aliyekariri maana moja tu, akisoma kwamba nahodha alibisha usiku kucha, atadhani kwamba nahodha aligombana na watu wake hata asubuhi. Maana ya neno huonekana pale linapofanya kazi, yaani ndani ya habari. Kwa hiyo orodha yafaa kuwa ukumbusho wa maneno ambayo mtoto amekwisha kukutana nayo katika kusoma, wala isiwe mahali pa kusoma.

Basi mwanafunzi afanye nini afikapo penye neno geni? Ziko njia tatu, nazo zote hazihitaji fedha.

Njia ya kwanza ni kulitazama neno lenyewe ndani yake. Maneno mengi ya Kiswahili yamejengwa juu ya shina dogo. Katika tangazo lile lilikuwamo neno uwezekano. Mtoto aliogopa urefu wake, lakini ndani yake mna weza, neno alijualo tangu utoto. Jambo liwezalo kuwa huwezekana, na hali ya kuwezekana ndiyo uwezekano. Hali kadhalika, katika habari za vimbunga husomwa maneno mgandamizo mdogo wa hewa. Kugandamiza ni kukisukuma kitu chini kwa uzito; basi mgandamizo wa hewa ni jinsi uzito wa hewa unavyovisukuma vitu vilivyo chini yake. Mwanafunzi aliyezoea kulitafuta shina haliogopi neno refu, kwa sababu ajua kwamba ndani yake mara nyingi amo rafiki wa zamani.

Njia ya pili ni kuyatazama majirani ya neno. Watu wa Ras Mkumbi wanazo taa mbili: iko taa imulikayo, kama ile ya mnara, na yuko taa aliye samaki mpana, mwenye mkia mrefu kama mjeledi. Mtu akisoma, “Taa ilionekana karibu na mwamba,” atajua kwamba ni mwanga. Akisoma, “Taa alionekana karibu na mwamba,” atajua kwamba ni samaki. Neno taa halikubadilika. Kilichobadilika ni herufi moja tu katika neno lifuatalo. Atamkaye mbio huipita herufi hiyo asiione, naye huchanganya mnara na samaki.

Tena kuna maneno madogo ambayo watoto huyapita kama kwamba hayana kazi: baadhi, huenda, hadi, ila, isipokuwa. Hayo ndiyo usukani wa sentensi. Tangazo lisemalo “baadhi ya maeneo” halisemi maeneo yote. Lisemalo “huenda mvua ikanyesha” halisemi kwamba itanyesha bila shaka. Usukani ni mdogo kuliko chombo, lakini chombo chote huufuata.

Njia ya tatu ni kuuliza. Mwenye kamusi na aiulize kamusi. Kiswahili kimekwisha kupata kamusi za lugha yake yenyewe, ambamo neno la Kiswahili huelezwa kwa Kiswahili. Kamusi ya Frederick Johnson ilitolewa katika mwaka wa 1935, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu katika mwaka wa 1981. Lakini si kila nyumba ina kamusi, na tena kamusi haikai pwani ikiangalia mawimbi. Aliyepo ni babu, na nyanya, na fundi wa vyombo, na mkulima wa minazi. Watoto wengine, wakiisha kujua herufi, huanza kuwadharau wazee wasiosoma, wakiwaona kuwa hawana la kumfundisha msomaji. Dharau hiyo ni upumbavu, nayo humdhuru mwenye kuifanya. Mzee asiyejua herufi aweza kuwa na maneno mengi kuliko kitabu kizima: ajua bamvua na maji mafu, ajua kaskazi na kusi, ajua majina ya samaki na ya miti na sababu za majina hayo. Mtoto anao ufunguo wa herufi, na mzee anayo mali iliyo ndani ya sanduku. Wakitengana, mmoja anao ufunguo bila sanduku, na mwingine anazo habari ambazo hazitaandikwa kamwe.

Tena mtoto asione haya kwamba maneno ya nyumbani kwake hayafanani siku zote na maneno ya kitabu. Katika mwaka wa 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiswahili cha Unguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule, na katika mwaka wa 1930 kamati iliwekwa ya kuiangalia kazi hiyo. Jambo hili lilileta faida, maana kitabu kimoja chaweza kusomwa Mafia, Mombasa na Tabora. Lakini halikufanya maneno ya mahali pengine kuwa makosa. Mwanafunzi mwenye busara huyaweka mawili pamoja, la nyumbani na la kitabuni, akapata mali mara mbili.

Sasa na arudiwe mvulana wa Bweni. Tuseme haoni haya tena, bali anaketi karibu na babu yake na kulisoma tangazo upya, polepole, wakitua pamoja kila mahali.

“Upepo kutoka kusini mashariki,” asoma mvulana.

“Huo ndio kusi,” asema babu. “Haya, endelea.”

“Mawimbi yanayozidi mita 2.” Mvulana anakumbuka hesabu za shuleni. Anauchukua upondo wa ngalawa, anaupima kwa mikono yake, anausimamisha, na kumwonyesha babu mahali mita 2 zinapofika. Ni juu ya kichwa cha mtu mzima. Babu anapatazama, kisha anaitazama ngalawa yake.

“Baadhi ya maeneo ya pwani,” asoma mvulana. “Maana yake si pwani yote, babu. Lakini halikutaja ni wapi. Yaweza kuwa hapa kwetu.”

“Na ule uwezekano?”

“Wa wastani. Ni wa katikati, babu. Hawasemi upepo utakuja bila shaka, wala hawasemi ni jambo dogo.”

Babu anafikiri kitambo. “Basi leo sitoki,” asema. “Njoo tuivute ngalawa.”

Hapo ndipo tangazo liliposomwa. Maneno yalikuwa yale yale, na sauti ilikuwa ya mtoto yule yule; wala hakuna aliyemsifu kwa mbio zake, maana mara hii alikwenda polepole. Lakini mara ya kwanza watu walisikia sauti, na mara ya pili babu alijua la kufanya.

Katika Kitabu cha Matendo ya Mitume imo habari ifananayo na hiyo. Mtu mkubwa wa Kushi, mwenye kuitunza hazina ya malkia, alikuwa akirudi kwao kutoka Yerusalemu, amepanda gari lake, akisoma kitabu cha nabii Isaya kwa sauti. Filipo alimsikia, wala hakumsifu kwa usomaji wake. Alimwuliza kama anayaelewa ayasomayo. Naye mtu yule, ingawa alikuwa mkuu mwenye cheo, hakuona haya kujibu kwamba hawezi kuelewa pasipo mtu wa kumwongoza, akamwomba Filipo apande aketi naye. Katika vyuo vya Kurani pia wako ambao, wakiisha kuhitimu kusoma, huendelea kuitafuta tafsiri kwa walimu wao, maana wajua kwamba kutamka ni mlango tu. Ikiwa mtunza hazina wa malkia aliweza kuuliza, mwanafunzi wa darasa la sita aone haya kwa sababu gani? Kuuliza si ujinga.

Nao watu wa Mafia wana sababu yao ya kulishika jambo hili. Mwaka wa 1970 ulitangazwa katika Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baadaye Mafia ikawa mojawapo ya wilaya 6 zilizochaguliwa kuitangulia nchi katika kuufuta ujinga wa kutojua kusoma katika mwaka wa 1971. Wavuvi na wakulima, wanaume kwa wanawake, waliketi darasani baada ya kazi za mchana. Na ulipofanywa mtihani wa taifa katika mwezi wa Agosti 1975, wanafunzi wa kisomo walipangwa katika madaraja 4. Aliyeweza kutambua maneno mafupi tu hakuhesabiwa kuwa amekwisha kujua kusoma. Daraja la juu lilikuwa la mtu awezaye kuutumia usomaji wake katika maisha yake, kama kusoma gazeti na kupata habari. Ikiwa watu wazima, wenye mikono iliyochoka kwa makasia na majembe, walidaiwa maana, haifai watoto waliokaa shuleni miaka 6 wadaiwe sauti tu.

Yafaa basi mwanafunzi, kila amalizapo ukurasa mmoja, akifunike kitabu na kujiuliza mambo manne. Kwanza, habari hii yasema nini, kwa maneno yangu mwenyewe? Pili, ni neno gani sikulijua, na nimelitafuta kwa njia gani? Tatu, ni jambo gani ninalolijua nyumbani au baharini au shambani lifananalo na hili? Nne, habari hii yanitaka nifanye au niamini nini, na kwa nini? Akiweza kuyajibu yote manne, na afunue ukurasa wa pili. Asipoweza, na aurudie ule ule bila kuona haya. Ukurasa mmoja uliosomwa mara tatu una faida kuliko kurasa tatu zilizopitiwa mbio. Tena na awe na daftari dogo la maneno mapya, na kila neno aliandike ndani ya sentensi yake, si peke yake. Maneno mawili kwa siku si mzigo kwa mtu yeyote, na haba na haba hujaza kibaba.

Jambo la tatu kati ya hayo manne ndilo watoto walisahaulo zaidi. Mtoto wa Ras Mkumbi akisoma kwamba maji yamepwa na mwamba umeonekana, huelewa mara moja, kwa kuwa ameuona kwa macho yake. Mtoto wa Moshi aweza kuyatamka maneno hayo vema asione kitu chochote moyoni mwake. Lakini wakisoma habari za theluji iliyo juu ya Kilimanjaro, mambo hugeuka, naye wa Ras Mkumbi ndiye atakayehangaika. Hakuna kati yao aliye mjinga; kila mmoja ameleta kitabuni yale aliyoyaona. Kwa hiyo mwenye kutaka kuelewa vitabu na ayaangalie vema mambo ya kwao, aulize majina yake na kazi yake. Kadiri ajuavyo mengi nje ya kitabu, ndivyo atakavyoelewa mengi ndani yake.

Kiswahili chenyewe kina neno moja lifaalo hapa. Chombo huelea majini, na maana humwelea mtu moyoni. Chombo kisichoelea, hata kikipakwa rangi nzuri, hakimvushi mtu. Na usomaji usiomwelea msomaji, hata ukiwa na sauti nzuri, haumfikishi popote. Walimu na wadai maana kabla ya mbio, wazazi na waulize maana kabla ya kusifu, na wanafunzi wenyewe wasiridhike na neno lolote walilolipita gizani.